Mchumba Wangu Samurai

Chekeni tu, mimi nimeshajicheka. Nilikuwa nimeapa kuumaliza mchezo wa simu ambao unachagua maneno mpaka samurai, yule askari wa upanga wa Kijapani, akuchumbie. Wangu alikuwa mgumu, lakini mimi sishindwi na mwanaume, hata wa kuchorwa. Kila nikimaliza kusuka mteja saluni, mtaani Nyakuron, narudi kwake.

Bosi wangu, Mama Keji, akauliza nambembeleza nani kwenye simu. Nikaona aibu kusema ni mchezo.

"Mchumba. Ni mwanajeshi. Wiki hii lazima aseme ananioa."

Habari kama hiyo haikai saluni. Jumamosi mjomba wangu aliingia na wazee wawili, wote wamevaa suti.

"Bint, tumetoka makao makuu ya jeshi, Bilpam, kuuliza huyo jeshi yako. Hakuna mtu anamjua. Iko wapi?"

Wakati huohuo samurai alikuwa amepiga goti kwenye simu, hatimaye, akingoja jibu langu. Mjomba akavaa miwani, akainamia kioo cha simu.

"Mwambie asimame. Hapa tunaanza na ng'ombe, si magoti."

Ikabidi nikiri mbele ya suti tatu kwamba mkwe wao ni katuni. Lakini kabla ya kukiri, nilibonyeza "Ndiyo".