Mchezo Ambao Gaston Hakuumaliza

Gaston alikuwa na ulimi, na hilo alilijua. Siku za kazi alipakia masanduku kwenye bohari. Siku za mapumziko alicheza michezo ya video, kisha akajirekodi kwenye simu akiichambua kwa Kiswahili. Wasikilizaji wake, mia tatu hivi, waliotapakaa kutoka Sparkhill, mtaa wake ughaibuni, hadi Bukavu na Nairobi, hawakutaka sifa. Walitaka kusikia mchezo ukichanwa. Ule wa magari alisema breki zake hufikiri kwanza ndipo zishike. Ule wa mpira, kipa anadaka kama mtu anayefukuza nzi. Watu wakacheka, naye akazidisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: Gaston alikuwa amefika mahali pa kuhukumu mchezo baada ya nusu saa.

Mwezi ule alichana minne. Wa nne ulikuwa mdogo, wa bure, umewekwa mtandaoni na mtu asiyetaja jina lake halisi. Mwanamke anapita msituni na mzigo mgongoni, umefungwa kwa kitenge. Kila baada ya hatua chache anakaa chini, nawe unangoja. Gaston alingoja, akabonyeza kila kitu ili autue ule mzigo, haukutulika, akazima.

"Ndugu zangu," aliwaambia watu wake, "huyu mama anatembea kama anahesabu majani. Mzigo gani huo usiotupika? Aliyeutengeneza mchezo huu hajawahi kukimbia hata mvua."

Jumapili, katika ukumbi ambao kanisa lao hupanga nyuma ya Stratford Road, wakati wa matangazo, Mama Orpha alisimama kushukuru. Mwanawe Héritier, mpiga kinanda wa kanisa, alikuwa ametengeneza mchezo wake wa kwanza. Ya Kiingereza yaliyoandikwa juu yake mama huyo hakuyaelewa, lakini mtu alikuwa amemnong'oneza kwamba Ndugu Gaston ameuzungumzia kwa Kiswahili. Kwao, mtu hamtaji mtoto wa mwenzake mbele za watu ila kwa wema. Kwa hiyo hakuisikiliza ile rekodi peke yake. Aliitunza ili waisikie pamoja. Akampa simu kijana wa spika.

Gaston angeweza kusimama. Angeweza kusema spika zimeharibika, au tumbo linamuuma, neno lolote. Alibaki amekaa, Biblia wazi magotini, akisikia sauti yake mwenyewe ikijaza ukumbi. Mwanzoni watu walicheka kwa mazoea, kisha vicheko vikakatika kimoja kimoja. Héritier alitazama vidole vyake. Mama Orpha alisimama mpaka sauti ikaisha, akasema, "Bwana asifiwe," akaketi.

Nyumbani Gaston alisukuma sahani. Mkewe, Léocadie, hakumgombeza, na afadhali angemgombeza.

"Ule mchezo uliumaliza?" alimuuliza.

Gaston aliwasha mashine, akacheza saa tatu, akikaa kila mwanamke yule alipokaa. Mwishoni mwanamke alifika kambini, akafungua kitenge, na ndani yake alikuwamo mama yake mzazi, kikongwe mkavu, hai, anaomba maji. Gaston alilia, na ilikuwa aibu kwanza kabla ya huruma. Alikuwa na miaka kumi na sita vita vilipowatoa kwao, kijana mwenye miguu mizuri, na aliwapita wengi waliokaa kando ya njia. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amewafikiria hata mara moja.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa miguu hadi mtaa wa Balsall Heath. Mama Orpha alimfungulia, akamketisha jikoni, akamwekea chai kama mgeni wa heshima. Hilo lilimchoma kuliko matusi.

"Mama Héritier, pardon," alisema. "Nilikosa. Sikuumaliza. Nilicheza nusu saa tu nikaanza kuongea. Ile sauti naifuta leo, na Jumapili nitaomba msamaha mbele ya kanisa."

"Usifute. Ulisema kweli, nilikuwa natembea polepole sana. Mtoto ameniweka mule vile nilikuwa."

"Sikujua ni wewe. Sikujua ule mzigo ni nani."

"Hata kule barabarani hawakujua." Alikuwa anamenya mihogo, na kisu hakikusimama. "Walikuwa wananipita, wananiambia, mama, tupa ile mzigo, utakufa nayo. Vijana, wana mbio. Sikuwakasirikia. Walikuwa wanaogopa, na mimi vilevile."

Gaston alikisogeza kikombe kando. Mama Orpha alitia muhogo majini, akachukua mwingine, ndipo akamtazama.

"Na wewe, Ndugu Gaston, siku zile ulipitia njia gani?"

"Hiyohiyo, mama," alisema.