Alama Chini ya Ubao

Kwa mafundi bunduki wa Birmingham, jina linalochorwa juu ya mtutu ni la tajiri. Fundi naye hugonga herufi yake chini, pale panapofunikwa na ubao, kabla ya kuupeleka mtutu kwa fundi mwingine. Enoch Hadley peke yake hakuwahi kugonga kitu, na jambo hilo lilimkera binti yake Keziah.

Kazi ya Enoch ilikuwa kuchonga mifereji ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Siku moja akabuni kuichonga mdomoni tu, bunduki moja iweze kutupa marisau, zile punje ndogo, kwa ndege na risasi kwa kulungu. Akamsimulia tajiri wake, Bwana Pargeter, wakinywa bia. Enoch, mzee wa watu, hakuwa na hila. Hataza, hati ya serikali ya haki ya mbunifu, ilipotoka, ilitoka kwa jina la Pargeter.

Na aliyeletewa bunduki ya kwanza achore maneno "Hataza ya Pargeter" ni Keziah, maana mtaani hapakuwa na mkono wa kuchora kama wake.

"Baba, umeibiwa mchana kweupe. Nami ndiye nimpambe mwizi?"

"Chora ulivyoambiwa, mwanangu. Na herufi zipendeze, usinitie aibu."

"Basi gonga hata alama yako huko chini."

Enoch akauchukua mtutu, akatoka nao uani, akarudi ubao umeshafungwa. Keziah alipomuuliza kama amegonga, akaambiwa asogeze mkate na jibini. Akaamini hakugonga. Mzee alipokufa kwa kifua, bintiye alimlilia sana, lakini kinyongo hakikumtoka. Aliona baba amekubali kufutika duniani, tena kwa mkono wake yeye.

Keziah alikuwa na mvi tayari wakati Jabez, msuguaji wa mitutu, alipomletea bunduki ile ile. Viganja vya wenyewe vilikuwa vimeyala maneno hadi yakabaki kivuli, na mwana wa Pargeter alitaka yachorwe upya.

"Wamelishika hilo jina mpaka limechoka," Jabez akatania.

Keziah akaufungua ubao. Katikati ya alama za mafundi waliokwisha kufa palikuwa na K, imegongwa kwa nguvu na mtu asiyezoea kugonga. Hapakuwa na fundi mwingine wa jina la K ila yeye. Ilikuwa safi kama ya jana, kwa kuwa hakuna kiganja kilichoifikia.

Akakaa kitako. Miaka yote hiyo alimnunia mtu aliyempa yeye nafasi ya alama, kitu pekee alichokuwa nacho.

"Vipi, shangazi?" Jabez akauliza.

"Niazime herufi zako za kugonga."

Kwanza akayachora upya maneno ya Pargeter, yakapendeza, asimtie baba yake aibu. Kisha akaugeuza mtutu, akagonga E kando ya K, akaurudisha ubao mahali pake.