Kiti Amekufa

Watu wa mtaani kwetu wana sababu zao wanazozitoa kila wanapoulizwa kwa nini shemeji yangu aliondolewa kwenye yadi ya malori baada ya miaka kumi na tisa. Wengine wanasema ni mchawi. Wengine, wenye staha kidogo, wanasema ana mdomo wa uchuro: akitaja kifo, kifo kinafika. Jina linalozungushwa katika maneno hayo ni la marehemu mume wangu na la wanangu pia, kwa hiyo nitaeleza jambo lilivyokuwa, pamoja na sehemu yake isiyotupendeza.

Shemeji ndiye aliyemfuata marehemu ziwa. Marehemu alisoma, yeye aliacha shule kwa hiari yake, na sikuwahi kumwona akijuta wala kutuonea wivu. Kazi yake ilikuwa moja, kuosha, kulainisha na kurudishia uhai viti vya ngozi vya malori. Alikuwa na kibanda cha mabati ubavuni mwa lango la yadi, na madereva walimwita Fundi.

Nimemwangalia akifanya kazi hiyo mara nyingi, kwa sababu nilikuwa nikipita pale nikitoka shuleni. Alitoa vumbi kwenye mishono kwa mswaki. Kisha alichukua maji ya vuguvugu na sabuni laini, akatumia povu tu, kwa kitambaa alichokikamua mpaka hakidondoshi tone. Alisema ngozi inapanguswa kama uso wa mgonjwa, haiogeshwi kama gari. Kiti kilikaa kivulini mpaka kikauke chenyewe. Halafu yalikuja mafuta, ambayo aliyachemsha mwenyewe kwa nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Aliyapaka kwa kiganja kitupu, akizungusha mkono polepole mpaka ngozi ipate joto na kuyapokea. Palipopasuka alitia kiraka kwa ndani, akaujaza ufa kwa gundi, akapiga msasa laini, akapaka rangi kwa sponji mara tano au sita, nyembamba nyembamba. Ukiambiwa uonyeshe ufa ulipokuwa, ungeshindwa.

Kosa lake lilikuwa la sarufi. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita, na sikuweza kulisikia bila kulisahihisha. Viti vyake alivisema kama watu. Kiti ana kiu, kiti anakula, kiti ameshiba.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "kiti kiko katika ngeli ya ki-vi. Kiti kimelainika. Na hata hivyo, kiti hakili."

"Hicho chenu cha darasani ndicho kisichokula," alinijibu. "Huyu wangu anakula. Njoo umwone alivyoshiba, mpaka anang'aa."

Kila kiti alikipa jina la mtu anayekikalia. Kulikuwa na dereva mmoja aliyeitwa Kipara, mtu wa mzaha, aliyependa kusimama kibandani na kuuliza, "Fundi, mimi naendeleaje leo?"

"Kipara nimemvua nguo tangu asubuhi. Nimemsugua mgongo, sasa yuko kivulini anapunga upepo."

"Mke wangu asikusikie!"

"Mkeo akija nitamwambia ukweli, kwamba una nyufa makalioni."

Yadi nzima ilicheka. Msemo wa Shemeji ukawa msemo wa madereva wote, na hata mtoto mkubwa wa mwenye yadi, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha biashara, aliuzoea.

Mwenye yadi mwenyewe alikuwa mzee wa miaka themanini na kitu. Lori lake la kwanza bado lilikuwepo, limeegeshwa chini ya paa, na kiti cha dereva kilikuwa cha ngozi halisi ambayo aliichagua mwenyewe ujanani. Mwaka huo mzee alilazwa hospitali kwa ajili ya moyo. Mtoto wake akamwita Shemeji akamwambia, "Fundi, nataka baba akitoka akute kiti chake kama kipya. Nataka aketi humo tumpige picha."

Shemeji alikitoa kile kiti, akakiweka juu ya meza kibandani, na kama desturi yake akakiita Mzee. Madereva waliokuwa wakipita waliuliza, "Mzee kala leo?" naye akajibu, "Kala kidogo, anatema."

Kweli kiti hakikuwa kikipokea mafuta. Wiki mbili kabla ya hapo msimamizi wa yadi alikuwa ameagiza vyumba vya madereva vya malori yote vioshwe, na kile cha lori la mzee kilioshwa kwa dawa kali ya kuondolea grisi kwenye injini, kisha milango ikaachwa wazi juani mchana kutwa. Shemeji aliligundua hilo siku ya kwanza, kwa harufu. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia mtoto wa mzee. "Nikisema, msimamizi atafukuzwa," alisema. "Ana watoto. Acha nijaribu."

Alijaribu siku sita. Siku ya saba, saa nne asubuhi, alikikunja kipande cha ngozi kwenye ukingo wa kiti, nacho kikakatika mpaka upande wa pili, kama biskuti. Ngozi ikifika hapo hakuna mafuta yatakayoirudisha. Shemeji akachukua simu, akamwandikia mtoto wa mzee ujumbe: "Mzee amekufa. Nimepambana siku sita nimeshindwa. Njoo tuone cha kufanya."

Mtoto wa mzee angeusoma na kuelewa mara moja. Lakini asubuhi hiyo alikuwa ameiacha simu nyumbani ikichajiwa. Mke wake, ambaye hakuwahi kukanyaga yadi, aliuona ujumbe huo ukiingia. Mkwe wake yuko hospitali. Alisoma maneno mawili ya kwanza kwa sauti, akaitupa simu, akapiga ukelele. Mke wa mzee, bibi aliyekuwa akitembelea fimbo, alitoka chumbani mbio bila ile fimbo, akaikosa ngazi ya barazani, akaanguka ubavu. Nyonga ilivunjika. Majirani waliokuja kulia walimkuta chini, wakadhani amelala hivyo kwa uchungu wa kufiwa, wakamketisha. Alipiga kelele ambazo hakuna mtu aliyezielewa mpaka mtoto wake alipofika.

Mzee alikuwa hai. Alirudi nyumbani siku kumi baadaye, akaambiwa alivyoliliwa, akacheka mpaka akakohoa. "Nani alilia sana?" aliuliza. "Nionyesheni ambaye hakulia." Alimwita Shemeji, akamshika mkono, akamwambia kwamba ni watu wachache wanaopata bahati ya kusikia habari za mazishi yao. Mkewe hakucheka. Alikuwa kitandani, na hajainuka mpaka leo.

Wiki ya tatu baada ya hapo, mzee alifariki usingizini. Moyo ule ule. Madaktari walikuwa wamekwisha kusema kwamba hautadumu.

Siku ya pili baada ya mazishi neno uchuro lilikuwa limekwisha kuingia yadini. Kipara ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa kupanda lori lenye kiti alichokishika Shemeji. Shemeji alimfuata mpaka mlangoni mwa lori akamwambia, "Kipara, si ni mimi?"

"Usinitaje jina."

"Kipara..."

"Nimekwambia usinitaje! Nina watoto, wewe. Ulimpaka mafuta mzee siku sita ukimwita kwa jina lake, na sasa yuko wapi? Mimi nawe tulikosana lini hata unitengenezee kiti?"

Wenzake wakamwunga mkono, na malori tisa hayakutoka siku hiyo. Mtoto wa mzee hakuamini uchuro, ni mtu aliyesoma, lakini alikuwa na mizigo inayooza na mama mgonjwa. Alisema Shemeji aje Jumamosi aseme maneno mbele ya madereva. Wakiridhika, atabaki na kibanda chake. Wasiporidhika, ataondoka.

Shemeji alikuja kwangu. Hakuwa na kazi nyingine anayoijua duniani, na umri wake ulikuwa hamsini na sita.

"Nitawaambia tu nilisema kiti," alisema. "Wanajua nilivyo. Na nitasema na habari ya dawa ya injini, maana ndiyo iliyokiua."

Nilimkataza. Nilimwambia kwamba watu wamefiwa, na mtu anayeanza kujieleza mbele ya wafiwa huonekana anabishana nao. Tena akimtaja msimamizi ataonekana anatafuta wa kumtwika. Nilimwambia aombe radhi kwa maandishi, kwa adabu, kisha anyamaze, kwa kuwa nyumba yetu haina historia ya kupigizana kelele na madereva langoni. Nikakaa mezani nikamwandikia nusu ukurasa. Ulikuwa umeandikwa vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Katikati nilitia sentensi hii: "Naomba radhi kwa neno langu lililoleta msiba katika nyumba hii."

Alisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari.

"Shemeji, hapa, 'lililoleta msiba'. Hawatadhani nakiri?"

"Ukiri nini? Msiba ni kile kilio cha siku ile, na kuanguka kwa bibi. Mtu yeyote ataelewa. Soma kama ilivyoandikwa, usiongeze neno lako."

Jumamosi nilisimama nyuma ya madereva, karibu na lango. Walikuwa kama thelathini. Shemeji alivaa shati la marehemu nililompa. Alisoma polepole, na mwanzoni walimsikiliza kwa utulivu mpaka nikaanza kupata matumaini. Alipofika kwenye ile sentensi, msimamizi wa yadi akainua mkono.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Neno lako lilileta nini?"

"Msiba."

"Katika nyumba gani?"

"Hii. Ya mzee."

Msimamizi akawageukia madereva. "Mmesikia wenyewe. Sijamshika mkono, sijamtisha. Kasema mwenyewe kwamba neno lake ndilo lililoleta msiba."

"Hapana," Shemeji alisema. "Msiba wa... kile kilio... mimi nilisema kiti..."

"Karatasi umeishika wewe. Kiti kimeandikwa wapi humo?"

Hakikuandikwa popote. Niliona haifai kuweka neno la kijinga kama kiti katika barua ya radhi.

Nilisogea mbele nieleze maana niliyoikusudia. Msimamizi aliniangalia kwa upole. "Mama, samahani, huu ni mkutano wa madereva." Na kabla sijajibu Kipara alikuwa amekwisha kutema mate chini, na mwenzake akatema, na mwingine, mpaka mtoto wa mzee akasema basi inatosha, Fundi akusanye vitu vyake. Alisema bila kumtazama. Shemeji aliikunja karatasi mara nne, kwa makini, akaitia mfukoni. Alikuwa bado hajafika mwisho wa barua.

Jumatatu lori moja lilisimama mbele ya nyumba yangu, mchana kweupe, majirani wote wakiwa nje. Madereva wakamwaga viti kumi na kimoja. Kila kimoja kilikuwa kimechanwa kwa kisu kuanzia juu hadi chini, sponji ikiwa nje. Viwili kati ya hivyo Shemeji alikuwa amevimaliza mwezi ule. Aliitwa akaja, akavizunguka kimoja kimoja, akatia kidole katika mipasuko. Mtoto wa jirani alimwuliza kama vinaweza kushonwa. Alisema vinaweza, lakini si na yeye. Ilituchukua siku mbili kupata mtu wa kuvibeba, kwa sababu hakuna aliyetaka kuvigusa.

Nilikwenda yadini na barua ya pili. Safari hii nilieleza kila kitu, kiti, simu iliyoachwa nyumbani, moyo wa mzee, na dawa ya injini, na aliyeagiza itumike. Nilitaka kumkabidhi mtoto wa mzee, nikaambiwa yuko safarini. Msimamizi aliipokea akaisoma yote akiwa amesimama, midomo ikichezacheza, kisha akanirudishia.

"Mama, unaandika vizuri sana," alisema. "Lakini ile ya kwanza imetutosha."

Kibanda kilikuwa kimekwisha kubomolewa. Pameegeshwa pikipiki. Viti vya malori sasa vinavishwa mifuko ya plastiki iliyoshonwa mahali pengine, na nasikia madereva wanalalamika kwamba inawachoma migongo.

Basi huo ndio uchuro wa nyumba yetu. Ni mtu mmoja aliyezungumza na viti, simu moja iliyosahauliwa, moyo mmoja uliochoka, na sentensi moja ambayo niliiandika mimi. Hakuna uganga ndani yake. Anayetaka kulitaja jina la marehemu mume wangu katika maneno hayo, na alitaje akijua hivyo.

Shemeji anachekecha mchanga kwa watu wanaofyatua matofali, upande wa pili wa mji, ambako hawamjui. Viganja vyake vimekauka na kupasuka, na hapaki kitu. Nilimfuata huko nikamwambia kwamba nimeamua kuandika ukweli wote, watu wausome. Hakuacha kuchekecha.

"Andika, shemeji," alisema. "Ila safari hii usinipe mimi nisome."