Tarehe Niliyomwachia Mke Wangu

Jumapili nzima nilikaa juu ya jiwe, kando ya ziwa lisilo na nyumba wala njia, nikisubiri mke wangu atume watu watuokoe.

Hakuja mtu.

Ngoja nianze mwanzo. Mimi ni kinyozi. Jirani yangu kazini ni fundi friji, rafiki wa kufa na kuzikana. Miezi minne tulipanga safari: siku nane mtoni na ziwani, wawili tu, bila kiongozi, bila mtandao wa simu. Ramani tuliitandaza kwenye kiti cha kunyolea hadi wateja wakanuna.

"Unga, dawa, viraka vya mtumbwi," fundi alisoma orodha. "Na shemeji tumwachie tarehe. Tusiporudi, awapigie askari wa hifadhi."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mke wangu alikuwa ameniruhusu siku tano tu, maana Jumatatu mama yake alikuwa anapasuliwa jicho. Basi kwenye karatasi nikaandika: "Tunarudi Jumapili." Moyoni nilijua ni Jumatano. Nikichelewa, ningesingizia mto. Mjanja mimi!

Jumamosi, tukibeba mtumbwi wetu wa mpira kukwepa maporomoko ya kuingilia ziwani, fundi akateleza. Mguu ukavunjika. Mtumbwi ukachanika vibaya, viraka vyote visitoshe.

"Tumekwisha," akasema.

"Tulia. Kwenye karatasi niliandika Jumapili, kwa tahadhari."

"Kumbe una akili, we kinyozi!" Akacheka huku jasho likimtiririka.

Jumapili ikapita. Jumatatu pia. Jumanne mguu ulikuwa umevimba na fundi hacheki tena. Askari walitufikia Alhamisi asubuhi.

Nyumbani nilimvaa mke wangu kwa hasira. "Mbona hukupiga simu Jumapili?"



"Nilifungua begi lako nikuwekee soksi. Nikakuta chakula cha siku nane. Nikajua umenidanganya."

"Sasa..."

"Niwasumbue askari kwa uongo wako? Nikasema nikufichie aibu. Mama nikampeleka mwenyewe. Jumatano jioni hukutokea, ndipo nikapiga."

Nilitamani ardhi inimeze.

Leo ni mwezi wa tisa tangu ajali. Fundi anatembelea mkongojo, na daktari amesema wangemuwahi angepona vizuri. Kwetu haingii tena. "Shemeji alitusahau," huwaambia watu, nami nimesimama palepale, kimya, nanyoa. Mke wangu akimsalimia haitikiwi. Naye hajawahi kunitaja.

Jana aliniuliza swali moja tu: "Mume wangu, nikubebee hili mpaka lini?"

Sikulala.

Nyinyi mnaopanga safari za porini, sikieni. Mtu mnayemwachia tarehe mmemkabidhi roho zenu. Ukimdanganya yeye, umejidanganya mwenyewe, na atakayeumia huenda asiwe wewe.

Fundi, najua unasoma humu mtandaoni ukisubiri wateja. Shemeji yako hakukusahau. Ni mimi. Nakuja kwako sasa hivi, na yeye nakuja naye, umwombe radhi yeye. Mimi unifanye utakavyo.