Hatua Ishirini za Tuta

Asubuhi ile nyuzi za pamba zilikuwa zikielea juu ya Shinyanga. Zilitoka kiwandani, nyepesi, zikatua kwenye nywele za watu na kwenye karatasi zangu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi sita nyuma, ofisa mipango mpya, mtu wa kusoma barua mara tatu kabla ya kuitia sahihi.

Siku hiyo nilikwenda kijiji kimoja karibu na Mhunze, walikokuwa wakichimba lambo la kunyweshea ng'ombe. Hamisi, dereva wa tingatinga, mwenyeji wa Ngokolo, alisukuma udongo polepole kama anayepiga pasi. Tuta lilibakiza hatua ishirini kufungwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Luhende, alizipima kwa miguu yake mwenyewe. Mvua ikikuta limefungwa, aliniambia, kiangazi kijacho hatuhami.

Siku mbili baadaye redio ilitangaza vita. Jeshi la Uganda lilikuwa limevuka mpaka upande wa Kagera. Watu walisema ndege zao zitatufikia kabla ya Jumapili. Tulipaka vioo vya ofisi rangi nyeusi, tukawa tunafanya kazi mchana kama watu walio chini ya maji. Ikaja amri: kila idara iorodheshe mitambo yake, mizima na mibovu. Mizima iende mbele.

Hamisi alinifuata ofisini.

"Bwana Mipango, andika bovu. Wiki mbili tu. Nikishafunga tuta, naliendesha mwenyewe mpaka Bukoba."

Nikamuuliza, na adui akipita kwa sababu ya tingatinga letu moja? Alicheka, akasema hajapata kuona mtu anayejitwisha nchi nzima kwa kalamu ya wino.

Kwenye kikao mkuu wetu alisoma orodha. Alipofika kwenye tingatinga, aliniangalia.

"Zima au bovu?"

Wiki ile mtunza stoo mmoja alikuwa ameuliza saruji ya zahanati imekwenda wapi. Naye akaulizwa yuko upande gani.

Niliwaza mpaka. Niliwaza ng'ombe. Niliwaza jina langu.

"Zima," nikasema.

Kesho yake lilipakiwa kwenye lori, Hamisi akaenda nalo. Wanakijiji walilipigia makofi. Walitoa na ng'ombe kumi na wawili kwa ajili ya askari, na hakuna aliyelazimishwa. Nataka hilo lieleweke. Tuliogopa kweli, na sababu tulikuwa nayo.

Mvua ilikuja. Nilisimama na Mzee Luhende juu ya tuta, tukitazama maji ya rangi ya chai yakijikusanya, yakizunguka taratibu kana kwamba yanafikiri, kisha yakatoka kwenye lile pengo. Yalitoka mchana kutwa.

Vita vilipokwisha Hamisi alirudi bila tingatinga. Alisema alichimba mahandaki, halafu mashimo marefu. Hakusema ya nini, nami sikuuliza.

Niliandika upya ombi la lambo. Mkuu alilirudisha limepigwa mstari mwekundu. Fungu la maji lilikuwa limehamishiwa kwenye mafunzo ya mgambo. Nilimkumbusha kwamba adui ameshaikimbia hata nchi yake.

"Na akitokea mwingine?" akasema, akitazama dirishani. Vioo vilikuwa bado vyeusi.

Mpaka leo nalipinduapindua kichwani neno lile moja. Ningesema bovu, huenda vita tungevishinda vilevile. Au huenda kila ofisi ingesema bovu.

Kiangazi cha pili nilimkuta Mzee Luhende barabarani, anaswaga ng'ombe kuelekea misitu ya Runzewe, kwenye maji. Walikuwa wamebaki tisa. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akasimama kidogo kwenye vumbi.

"Mwanangu, wewe umesoma," alisema. "Adui tulimshinda, sivyo?"

"Tulimshinda, baba."

Akatikisa kichwa kukubali, akawapigia ng'ombe mluzi, wakaendelea.