Hakuna Kinachopita AA

Kwa miaka thelathini na mmoja Kiragu alikuwa na kazi moja tu: kuiangalia kahawa na kuipa cheo. Kazini alikaa kando ya dirisha kubwa na mbele yake chekeche la shaba, punje zikimpitia mikononi. Kubwa zilizobaki juu ya chekeche aliziita AA. Zilizofuata zilikuwa AB, zile za mviringo kama njegere PB, halafu C, halafu TT, na mwisho kabisa T, yaani vipande na vumbi, kahawa ambayo mtu humpa mgeni asiyemtaka arudi.

Alipostaafu na kutulia nyumbani kwake mtaa wa Satellite, herufi hazikustaafu naye. Chapati za Jumatano zikitoboka zilikuwa AB. Kwaya ya kanisa ilikuwa C, na wanaume wa sauti ya nne TT. Shemeji yake Kiarie, aliyekuja kula Krismasi akakaa mpaka Pasaka, alipewa T, tena alipewa akiwa amekaa mezani na kijiko mdomoni. Mkewe, Wanjugu, alikuwa ameshazoea. Wanawake wa kanisa walipomwuliza anaishije na mtu wa namna hiyo, aliwaambia kwamba wanaume wengine hukoroma.

Mwezi wa tano, Wanjugu akianika nguo, nyuki alimwuma kidole cha pete. Kidole kilifura kama ndizi, na kliniki wakaikata pete ya ndoa kwa koleo dogo. Kidole kilipona, pete haikupona. Kiragu akaahidi nyingine. Wanjugu akasema ikiwa lazima iwe mpya, basi iwe na jiwe la kijani, lakini si kijani ya sare ya shule.

Binti yao Kui, anayefanya kazi mjini, alimwelekeza kwa Stellah Nzula, muuza vito mwenye chumba kidogo kwenye ghorofa ya nne ya jengo moja karibu na Moi Avenue. Kiragu alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, akaingia, akasalimia, akasema shida yake. Stellah, mwanamke wa makamo aliyevaa lenzi shingoni kama wengine wanavyovaa msalaba, aliwasha taa ya mezani na kufungua karatasi tatu zilizokunjwa.

"Hizi ni tsavoraiti, mzee. Zinatoka Taita. Hii ni A. Hii ni AA. Na hii ndiyo best, AAA."

Kiragu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hakuna AAA," alisema.

"Iko. Ndiyo hii."

"Mama, juu ya AA hakuna kitu. Hapo ndiyo mwisho. Nimefanya hii kazi miaka thelathini na moja."

"Ya mawe?"

"Ya kahawa."

Stellah alimtazama kidogo. "Hizi hazichemshwi, mzee."

"Nani aliweka hiyo A ya tatu?"

"Mimi."

Kiragu aliisogelea ile karatasi, akaitazama tena. Kule kazini herufi ilitoka kwenye tundu la chekeche, na tundu lina kipimo chake. Halina jamaa wala rafiki. Sasa hapa kulikuwa na mtu mzima anayejiandikia herufi kwa kalamu yake mwenyewe, mchana kweupe.

"Na jirani yako?" aliuliza.

"Dan? Dan ako na AAAA."

Kiragu hakuamini. Akatoka, akabisha mlango wa pili, akaonyeshwa karatasi yenye A nne zilizoandikwa kwa wino mwekundu. Dan, kijana mchangamfu mwenye shati la maua, alimwambia kwamba huko chini kuna jamaa anauza "AAA plas", lakini yeye binafsi haamini mambo ya plas. Kiragu alirudi kwa Stellah akaomba kiti.

Stellah akamwonea huruma, akamweleza vizuri. Herufi hizi hazina serikali. Kila duka lina zake, na AAA ya huku yaweza kuwa AA ya kule. Kwa mawe ya rangi mtu huangalia rangi kwanza, kisha usafi wake ndani, kisha mkato, kisha uzito, halafu anauliza kama jiwe limepikwa.

"Limepikwa?"

"Kuna mawe yanachomwa moto ndiyo rangi ikuwe poa. Rubi nyingi ni hivyo. Hizi za kijani hazipikwi."

"Kwa hivyo haya ni mabichi."

"Unaweza kusema hivyo."

"Sisi tulikuwa tunapanga kahawa mbichi," Kiragu alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, alitabasamu.

Alirudi Ijumaa na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na chekeche la AA, zawadi aliyopewa na wenzake siku ya kuagwa, lililong'arishwa kwa ndimu. Alikuwa amelala akiliwaza jambo hili na kuamua kwamba Stellah ni mtu mwema aliyekosa kifaa. Stellah alimfungulia zile karatasi tatu, simu yake ikalia, akatoka kusimama koridoni ambako mtandao unashika.

Kiragu hakuwa na nia mbaya. Alitandaza kitambaa cheusi, akashika chekeche juu yake, akamwaga AAA. Mawe yote yakapita yakaanguka kitambaani. Akaguna. Akamwaga AA, labda hizo ndizo zenye mwili. Zikapita. Akamwaga A, kwa kuwa mtu huanza kazi ili aimalize. Zikapita zote pia, hata hazikugusa kingo.

Stellah aliporudi alimkuta akiangalia fungu moja dogo la kijani kwa huzuni.

"Zote ni T," Kiragu alisema. "Pole sana, mama."

Stellah alikaa chini.

"Mzee. AAA iko wapi?"

"Hapo."

"Na AA?"

"Hapo hapo."

Yalikuwa mawe ishirini na sita, na mengi yalilingana ukubwa. Stellah akavaa lenzi, akayapanga upya, akapata AAA tisa. Hapo mwanzo zilikuwa nane. Akamwita Dan amsaidie. Dan alipanga huku akipiga mluzi, akapata AAA kumi na saba na akashauri tatu kati ya hizo zipandishwe ziwe AAAA. Stellah akanywa chai, akarudia kazi yake mwenyewe, akapata sita. Alitua lenzi mezani taratibu kama mtu anayetua mtoto aliyelala.

"Naweza kujaribu?" Kiragu aliuliza. Alikuwa amekaa kando kama mshtakiwa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuzima taa. Alisema taa ile ilikuwa inasifu kila kitu, kama mshereheshaji wa harusi. Akabeba kitambaa mpaka dirishani, akaanza kusogeza mawe kwa ukucha, moja moja. Lililokuwa zito kwa rangi hadi likawa kama sukuma wiki iliyopikwa mara mbili, aliliweka kushoto. Lililopauka, kulia. Jiwe moja kubwa lilimvutia mpaka alipoliweka juu ya gazeti na kusoma, katikati yake, "atazikwa Jumamosi".

"Hilo lina dirisha," Stellah alisema nyuma yake. "Mkato wake ni mbaya. Mwanga unapita chini badala ya kurudi kwa macho."

"Likae peke yake," Kiragu alisema, akalitenga.

Saa nane alikuwa na mafungu sita, kutoka bora hadi duni. Stellah akayachanganya akamwambia arudie. Kiragu akarudia, mafungu yakatoka yale yale, jiwe kwa jiwe. Stellah akachanganya tena, mzee akiwa amegeuzwa aangalie ukuta. Yakatoka yale yale. Dan akaleta AAAA zake kumi na mbili kwa kujiamini. Kiragu akazipitia, akapeleka kumi na moja kwenye fungu la nne, na moja kwenye lile la gazeti. Dan akazizoa zote akasema amekumbuka ana mteja.

Kwa Wanjugu, Kiragu alichagua jiwe ambalo halikuwa kubwa kuliko yote wala safi kuliko yote. Lakini pale dirishani liliwaka kijani kutoka pembe hadi pembe, na ukilizungusha halikuzimika. Stellah alifikiri lilitoka karatasi ya AA, au pengine A, hangeweza kuapa.

"Nikuandikie nini kwa risiti?"

"Andika jiwe la kijani. Andika uzito. Andika ni bichi."

Pete ilikuwa tayari baada ya wiki moja. Wanjugu aliifungua jikoni, akaivaa, akamtazama mumewe.

"Ni daraja gani, Baba Kui?"

"Haina."

"Kila kitu kwa hii nyumba kina herufi. Hata mlango wa choo ni TT."

Ikabidi amweleze yote: A nne za Dan, chekeche, ile simu, mawe ishirini na sita. Wanjugu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatoka nje kwenye mwanga, akageuza mkono huku na huku.

"Kuna kidoa hapa pembeni," alisema.

"Hakuna mtu atakiona bila lenzi."

"Mimi nimekiona."

Kiragu aliona fahari ikimpanda kifuani. "Una macho kumshinda Dan."

Mwezi uliofuata Stellah alipiga simu. Alikuwa amepata mzigo kutoka Taita na hakuwa na amani nao. Kiragu akaenda, na tangu siku hiyo huenda kila Jumanne kukaa pale dirishani. Stellah amefuta herufi kwenye karatasi zake. Siku hizi huandika maneno tu, kijani iliyokolea, safi, mkato mzuri, halijapikwa. Wateja wengine huingia wakiuliza kama ana AAA, naye huwaelekeza mlango wa pili, ambako ziko tele. Wengi hurudi baada ya dakika kumi, na mzee aliye dirishani, bila kuinua macho, huwaambia wasogee kwenye mwanga.