Mgonjwa Aliyemjibu Dada Picha Kabla ya Kuulizwa

Ndugu wasomaji, vueni kofia. Leo ukurasa huu unamleta kwenu mtu ambaye wapasuaji wa ubongo hawathubutu kuanza kabla hajafika, ambaye madaktari wa mishipa ya fahamu humsubiri mlangoni, na madaktari wa magonjwa ya akili humpigia simu hata siku ya mapumziko. Kazi yake nzito ni kumwonyesha mtu mzima picha ya kikombe na kumwuliza hicho ni kitu gani.

"Cheka tu," anasema. "Hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili sikucheka."

Saa mbili asubuhi, chumba cha upasuaji kina baridi ya kugonganisha meno. Ameketi kwenye kigoda kifupi, chini ya shuka la kijani lililotundikwa kama hema. Upande wa pili wa shuka, fuvu la mtu limefunguliwa. Upande wake, uso wa mtu huyohuyo unamtazama, macho makavu, midomo inatafuta mate.

Ngozi ya kichwa imetiwa ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kwa hiyo mgonjwa huamshwa katikati ya upasuaji ili azungumze. Mpasuaji hugusa hapa na pale kwa kijiti chenye umeme mdogo. Mgonjwa akiendelea kutaja picha vizuri, mahali hapo panaweza kukatwa. Akikwama, panawekewa kikaratasi chenye namba, na kisu hakipiti hapo.

"Wao wanatazama ubongo, mimi natazama mdomo," anaeleza. "Nikisema 'simama', wote wanasimama. Nisiposema, wanakata."

Wodini wanamwita Dada Picha. Ni muuguzi aliyeanzia wodi ya wagonjwa wa akili, na huko ndiko alikojifunza kukaa na mtu mwenye hofu bila kumharakisha. Idara tatu zilipoungana kufanya utafiti, zilitaka kujua mambo mawili: mtu hupoteza nini anapotolewa uvimbe kichwani, na je, akiandaliwa mapema hutoka na hofu ndogo zaidi? Akatafutwa mtu wa kumfahamu mgonjwa kabla ya kisu, kuwa naye chini ya kisu, na kumfuata hadi nyumbani baadaye.

"Wenzangu walikuwa na akili, wakakataa," anasema. "Nikabaki mimi na posho inayochelewa."

Anacheka, halafu kicheko kinakatika kama bomba lililofungwa.

Kuna mama mmoja, kati ya wagonjwa wake wa mwanzo. Chini ya shuka lile, mama huyo alichelewa kidogo kwenye picha moja. Dada Picha akadhani amechoka, akamsubiri. Hakusema simama.

"Tangu siku hiyo ana neno moja tu: sawa," anasema. "Ukimwuliza jina la mwanawe, sawa. Ukimwuliza kama anaumwa, sawa. Nilimpigia magoti kumwomba msamaha. Akaniambia, sawa."

Utafiti ulimtaka amtembelee mama huyo mwaka mmoja. Mwaka umepita kitambo, naye bado anakwenda.

Hofu hiyo amerudi nayo mpaka kwake. Baba watoto akinyamaza kidogo mezani, huona mkewe ameacha kula. "Ananiambia, 'Mama, natafuna tu. Usinitolee kikombe.'"

Kisha akaja Mzee Spika.

Mzee huyu ni mnadi wa mitumba. Hupanda juu ya meza sokoni, akapeperusha shati, akalisifu mpaka mwenye shati jipya alionee haya lake. Siku moja alianguka pale juu ya meza, mwili ukimkakamaa na povu likimtoka. Wateja walidhani ni mbinu ya biashara. Inasemekana kuna mmoja aliyepandisha bei.

Hospitali ikakuta uvimbe, umekaa jirani kabisa na mahali pa usemi.

"Binti yangu," mzee alimwambia Dada Picha siku ya kwanza, "sina shamba, sina duka. Nina ulimi. Ukiniachia mguu mmoja, nitauza nikiwa nimeegemea ukuta. Ukiuchukua ulimi, nizikeni pamoja na mitumba yangu."

Wakaanza mazoezi kitandani. Picha zimekaa kichwani mwa Dada Picha kama sala: zimefunikwa plastiki, zimetungwa kwenye pete moja ya chuma, na mpangilio wake haujabadilika tangu utafiti uanze, ili kila jibu lioane na kumbukumbu za mashine. Hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa tatizo.

Mwanzoni Mzee Spika alikuwa hoi. Kwenye picha ya ngazi alisema kiti, kisha akasema dirisha, kisha jasho likamtiririka na mikono ikamtetemeka. Mtu aliyezoea kuzima kelele za soko zima alikuwa anaiogopa picha ya ngazi.

Baada ya siku chache akabadilika. Alizitaja zote bila kigugumizi, haraka, kama anayenadi mashati. Daktari wa magonjwa ya akili akafurahi kwamba hofu imeshuka. Mazoezi yanafanya kazi, akasema.

"Na mimi nikafurahi," anasema Dada Picha. "Mjinga mimi."

Siku ya upasuaji inafika. Chini ya hema la kijani, picha zinageuzwa.

"Hii ni picha ya kiti," anasema mzee. "Hii ni picha ya ndizi. Hii ni picha ya kitana."

"Hapa je?" anauliza mpasuaji kutoka ng'ambo ya shuka.

"Pasafi," anajibu Dada Picha.

"Nitaingilia hapa, basi. Endeleeni kidogo, nihakikishe."

Glavu ya Dada Picha inanata kwenye plastiki. Picha inagoma kugeuka. Kitana bado kiko mbele ya macho ya mzee.

"Hii ni picha ya ufunguo," anasema Mzee Spika.

Ufunguo ulikuwa picha inayofuata. Dada Picha akayatazama macho ya mzee. Hayakuwa kwenye picha hata kidogo. Yalikuwa kwenye shuka, yametulia, kama ya mtoto anayekariri.

"Simama."

"Amekosa?" anauliza mpasuaji.

"Hapana. Amepata."

"Sasa?"

"Amepata picha ambayo sijamwonyesha."

Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye wa kwanza kuelewa. Jambo lililokaririwa, anawaambia wenzake, linaweza kupita njia nyingine kichwani. Ndiyo maana mtu aliyepoteza usemi huweza bado kuhesabu moja mpaka kumi. Kila mahali walipopaita pasafi asubuhi ile, sasa hapana uhakika.

Dada Picha anafungua pete. Anazimwaga picha mapajani na kuzichanganya. Kisha anainama mpaka sikioni kwa mzee.

"Baba, umekariri?"

"Binti yangu, niache nifaulu."

"Humu hatufaulu hivyo. Nataka ukosee mbele yangu, nikuone."

"Naogopa."

"Hata mimi. Tuogope wote."

Picha ya kwanza kutoka ni ufunguo uleule. Kijiti kinagusa palepale mpasuaji alipotaka kuingilia.

"Hii ni picha ya," anasema mzee. "Hii ni picha ya…"

Mdomo uko wazi, neno haliji. Chozi linateremka kuelekea sikioni.

"Simama."

Kikaratasi chenye namba kinawekwa pale. Kisu kinatafuta njia nyingine.

Leo Mzee Spika yuko juu ya meza yake. Mara mojamoja neno linamkimbia; basi huinua nguo juu na kuwaacha wateja waitaje wenyewe, nao hudhani anawachangamsha. Lakini kipande kidogo cha uvimbe kimeachwa, kwa kuwa kilishikana na pale palipowekwa kikaratasi, na hakuna daktari anayeweza kusema kitafanya nini. Simu ikiita na namba ikiwa ya nyumbani kwa mzee, Dada Picha huiacha iite mara mbili kwanza, apate pumzi.

Mipango anayo. Amekubaliwa ombi kwamba kila mgonjwa awe na picha zake, zichanganywe mbele ya wote. Anafundisha wauguzi wengine wawili, ili mdomo wa mgonjwa utazamwe na macho zaidi ya yake. Na kwa yule mama wa sawa, ameanza kumfundisha jina la mwanawe, herufi kwa herufi.

"Nataka neno la pili," anasema. "Moja tu. Halafu nitalala."

Maneno hayo aliyasema sokoni, alipokuja kumpima Mzee Spika. Alipomaliza alimwuliza mzee swali lililokuwa likimsumbua.

"Baba, zile picha ulizipata wapi ukazikariri? Mimi nazifungia kabatini."

"Mnadi hamtaji mteja," alijibu mzee, akikunja suruali. Akafikiri kidogo. "Ila huyu mwandishi wako ni mjukuu wangu. Mwulize yeye, ana simu nzuri."

Mwandishi wa habari hii akagundua ghafla kwamba kalamu yake ina hitilafu.

Dada Picha hakupaza sauti. Alisubiri, kama anavyowasubiri wagonjwa.

Basi, ni mimi. Siku moja ya mazoezi Dada Picha aliitwa na daktari, akaziacha picha kitandani, nami nikazipiga zote kwa simu kwa mpangilio uleule, nikampa babu akariri. Bwenini kwetu mtihani ukivuja tunauita msaada kwa wahitaji. Sikuwa nimewahi kumwona babu akitetemeka.

Asubuhi ya upasuaji nilikaa koridoni na bibi. Akaniuliza, "Na akikosa?"

Nikamwambia, "Hakosi, bibi. Ana majibu yote."

Bibi akanishika mkono, akanishukuru.